Nangila Aliyeitwa Lete

Ukipita Matisi, pale Kitale, ukasikia mtu anasema, "Lete amerudi," usidhani kuna mzigo umeletwa. Lete ni mtu. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, anatembea kama mtu aliyepakia lori la mahindi peke yake. Watu husema anacheza tenisi. Yeye husema anafanya kazi ya tenisi, na ukimtazama jioni akivua viatu utakubaliana naye.

Jina lake la kuzaliwa ni Nangila. Kwa Wabukusu jina hilo halitolewi ovyo. Ukiitwa Nangila kila mtu anajua ulizaliwa njiani. Mama yake, Wilkista, alikuwa ametoka kwao Bungoma akirudi kazini Kitale, tumbo limekuwa kubwa, uchungu ukamshikia njiani, soko la Kamukuywa. Wanawake wa sokoni wakamzungushia leso nyuma ya duka la mbolea, na mtoto akaja. Miaka mingi baadaye, mtoto huyo alipokuwa mtu wa kuishi na begi mkononi, leo Tunisia kesho Misri, Wilkista aliwaambia majirani, "Mimi sikushangaa. Huyu alianzia njiani. Ni kufika tu ndiyo bado."

Shikeni hayo maneno kidogo, tutayarudia.

Hilo la Lete lilikuja hivi. Wilkista alikuwa akifua taulo na vitambaa vya meza katika klabu moja ya zamani mjini Kitale, yenye mikaratusi mirefu na viwanja viwili vya tenisi vilivyopasuka pasuka. Shule zikifungwa, Nangila alikwenda naye. Alikaa nje ya waya, akiwa na miaka minane hivi, akitazama wazee wenye kaptura nyeupe wakipigiana mpira.

Sasa, kwa yeyote asiyejua tenisi: anayeanzisha mchezo hupiga mpira uvuke wavu. Ukigusa juu ya wavu kisha ukaangukia mahali panapofaa, hauhesabiwi kuwa kosa wala ushindi. Unarudiwa. Na wachezaji hupaza sauti kwa neno moja la Kiingereza, "Let!" Maana yake, huo tuuache, anza upya.

Mtoto wa Matisi atayajuaje hayo? Yeye alimsikia mzee mmoja akitazama upande wake na kupaza sauti, "Lete!" Na mtoto aliyelelewa akiambiwa alete, analeta. Akapenya palipokuwa na tundu kwenye waya, akaokota mpira, akaushika kwa mikono miwili kama unavyompa mkubwa kikombe cha chai, akamfikishia yule mzee na kukunja goti.

Kocha wa klabu aliitwa Kiplagat. Alikuwa amesimama kando na fagio la kufagilia uwanja. Akacheka mpaka akaegemea nguzo.

"Wewe, nani amekuambia ulete?"

"Si yeye amesema lete?"

"Amesema let."

"Ndiyo. Lete."

"Let!"

"Si nimeleta!"

Kiplagat akaona hapa hakuna wa kumsaidia mwenzake. Kesho yake alimpa raketi iliyopinda shingo, na kuanzia siku hiyo akamwita Lete. Wote wakamwita Lete. Mama yake naye alijaribu, ila yeye ni mtu wa Bungoma, ulimi wake na herufi l na r havijawahi kuelewana, kwa hiyo nyumbani alikuwa Rete.

Na ile tabia haikumtoka. Hata alipokuwa mkubwa na kujua vizuri maana ya neno, mpira ukigusa wavu ukaanguka upande wake, alibana raketi kwapani, akaushika mpira kwa mikono miwili, akamrushia mwenzake polepole. Wachezaji wa nchi nyingine waliona ni heshima ya ajabu. Yeye hakuwa akifikiria heshima. Mwili ulikuwa umeshajifunza.

Mchezo wenyewe aliujengea kijijini Kwanza, kwa mjomba wake Barasa aliyekuwa na ghala la mahindi lenye ukuta mrefu wa mawe. Ukuta ule ndio ulikuwa mwenzake wa mazoezi. Lakini baada ya mavuno uwanja wote mbele ya ghala ulitandikwa maturubai, mahindi yakaanikwa, na Barasa hakutaka mpira wala mguu juu ya mahindi yake. Zilibaki njia nyembamba tu kati ya turubai na turubai. Nangila alicheza humo humo. Akajifunza kutopiga kwa nguvu, kwa sababu ukipiga kwa nguvu ukuta unarudisha kwa nguvu na mpira unaishia kwenye mahindi. Akajifunza kuufikia kila mpira kabla haujaanguka vibaya. Ndiyo maana mpaka leo hana pigo la kumwangusha mtu. Anachojua ni kurudisha. Unapiga, anarudisha. Unapiga tena, anarudisha tena. Kuna wasichana wa Ulaya waliomshinda na bado wakatoka uwanjani wanalia.

Na kurudisha kunachosha, jamani. Anayepiga kwa nguvu humaliza kazi mapema, ashinde au ashindwe. Anayerudisha hukaa juani mpaka mwisho.

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa zaidi ya miaka kumi. Kuna tenisi ile mnayoiona kwenye televisheni, yenye viti vingi na maua. Chini yake kuna nyingine. Hiyo ya chini inachezwa nyuma ya hoteli za ufukweni wakati hakuna watalii, watazamaji wakiwa mpishi aliyetoka kuvuta sigara na mama wa mchezaji mmoja. Mnalala wawili chumbani na mtu usiyemjua, na kesho asubuhi huenda ndiye unayecheza naye. Soksi zinakauka kwenye reli ya dirisha. Nangila alisafiri na unga wa Kitale na sufuria ndogo ya umeme, akasonga ugali bafuni huku maji ya bomba yamefunguliwa ili watu wa hoteli wasisikie mwiko. Kamba za raketi alifunga mwenyewe. Akishindwa Jumanne, na mara nyingi ilikuwa Jumanne, alikaa hadi Jumapili kwa sababu tiketi haibadilishwi, akiwarushia mipira wale waliobaki wajipashe moto. Uwanja wa ndege ofisa anauliza kazi. Anajibu. Ofisa anamtazama tena, anasema, "Sijawahi kukuona."

"Hata mimi sijawahi kukuona," alimjibu mmoja siku moja, akachelewa ndege.

Kule kuna orodha ya dunia. Kila Jumatatu inatolewa mpya, na kila aliyefuzu kuandikwa ana namba yake. Mara ya kwanza Nangila alipoandikwa katika mia tisa na kitu, alimpigia mama yake simu akiwa Misri.

"Uko namba ngapi?" Wilkista akauliza.

"Mia tisa na kitu, mama."

Nanyi mnajua kwetu namba ya mtoto ni ile ya kwenye ripoti ya shule, na mzazi anayesikia namba kubwa huanza kutafuta kiboko.

"Kwa dalasa ra watu wangapi?"

"Si darasa, mama. Ni dunia."

"Dunia yote?"

"Dunia yote."

"Kwa hivyo hao mia tisa wako mbere yako."

"Ndiyo."

"Na nyuma yako?"

"Nyuma kuna wachache walioandikwa. Halafu ndio watu wengine wote."

Wilkista akafikiri. "Na mimi niko hapo, kwa watu wengine wote?"

"Uko hapo, mama."

"Sawa. Basi usishuke huku kwetu."

Hakushuka. Alipanda kidogo, akateremka, akapanda, lakini jina likabaki. Watu wa nyumbani hawakuelewa sana. Kwenye mazishi ya mjomba Barasa, mshika kipaza sauti alisikia vibaya akatangaza, "Na tuko hapa na binti yetu, namba moja wa dunia katika tenisi!" Watu wakapiga makofi msibani. Nangila akainama akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Shangazi mmoja aliyekaa karibu akamnong'oneza, "Kama wewe ni namba moja, mbona hicho kiatu kimefunguka mdomo hivyo?"

Mwaka huu bega ndilo lililoamua kusema. Asubuhi mkono haukuwa unapita juu ya kichwa mpaka auchue kwa dawa na maji ya moto. Alipumzika miezi, akarudi, akashindwa, akapumzika tena. Sheria ya orodha ni hii: pointi unayopata hudumu mwaka mmoja kisha inafutwa, na ili jina libaki ni lazima uwe umepata pointi katika angalau mashindano matatu. Nangila alikuwa na matatu kamili. Moja kati ya hayo lilikuwa linafikisha mwaka. Jumatatu ya mwisho ya Agosti lingefutwa, angebaki na mawili, na jina lingeondoka. Hakuna barua wala simu, ungelitafuta tu usilione.

Yalikuwa yamebaki mashindano ya Nairobi tu kabla ya Jumatatu hiyo. Namba yake haikutosha kuingia moja kwa moja, ilibidi apitie mchujo. Aliyepenya mchujo alipata pointi moja. Hiyo moja tu ndiyo aliyoitaka.

Wiki hizo hizo alipigiwa simu na Madam Lorna, mkuu wa shule ya wasichana iliyo nje kidogo ya Kanduyi, kule Bungoma. Shule ilikuwa imepata uwanja wa tenisi kutoka kwa wafadhili, umemwagwa saruji, umechorwa mistari, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyejua ile mistari ni ya nini.

"Wasichana wanaanikia nguo pale," Lorna akasema. "Kuja utuokoe. Kuna nyumba, kuna mshahara si mkubwa lakini unakuja kila mwezi. Muhula unaanza wiki hiyo ya mwisho. Nipe jibu."

"Nipe mpaka Jumatatu, Madam."

"Mbona Jumatatu? Unaomba Mungu?"

"Naomba bega."

Lorna akacheka, lakini akasema, "Ukisema hapana nitaelewa. Ukinyamaza sitaelewa. Umesikia?"

Nangila akapanda Kitale kufanya mazoezi na Kiplagat. Mzee ana miaka sabini sasa, magoti yamekwisha, anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya wavu na kikapu cha mipira iliyonyonyoka manyoya. Mvua ya Kitale inanyesha mchana, kwa hiyo walifanya kazi asubuhi, uwanja ukiwa bado na unyevu na mipira mizito kama viazi.

"Inua mkono."

"Nimeinua."

"Hapo umeinua kama mtu anaomba ruhusa ya kutoka darasani. Inua."

"Mzee, hapo ndipo unapofika."

Kiplagat akautazama mkono ule. Yeye ndiye aliyeufundisha. "Basi tutaanzisha mpira kutoka hapo," akasema. "Hujawahi kushinda kwa kuanzisha, tangu lini uanze leo. Wewe rudisha."

"Nimechoka kurudisha."

"Najua." Akamrushia mpira. "Rudisha huu."

Siku ya mwisho, wakikusanya mipira, mzee alimuuliza bila kumtazama, "Na hao wa Kanduyi?"

"Nani amekuambia?"

"Mama yako. Amenipigia kuniuliza kama watu wa mpira hustaafu. Nikamwambia wanajeshi ndio hustaafu, watu wa mpira hukosekana tu."

Nairobi alishinda mechi ya kwanza ya mchujo kwa sababu mwenzake alikazwa na msuli, akaacha. Ya pili, ile ya pointi, alipangiwa na msichana wa Kenya, Wacuka, miaka kumi na saba, miguu kama ya swara, ana pointi za mashindano mawili tu, hajawahi kuandikwa kwenye orodha hata wiki moja. Nje ya waya alisimama baba yake, Waithaka, amevaa kofia, anatafuna kijiti cha meno bila kupumzika. Kwa hiyo pointi ile moja ilikuwa na watu wawili: mmoja aingie, mmoja asitoke.

Mechi za mchujo hazina refa wa kukaa juu ya kiti. Kila mchezaji huamua mipira inayoanguka upande wake mwenyewe, ukiwa nje, unainua kidole na kusema, "Auti." Ukikaa kimya, ni mzuri. Kuna ofisa mmoja tu anayezunguka viwanja vyote, na siku hiyo alikuwa uwanja wa mbali akisuluhisha ugomvi.

Seti ya kwanza ilikuwa ya Wacuka, haraka haraka. Ya pili Nangila alirudisha mpaka msichana akaanza kuangalia juu kama anauliza mtu wa mbinguni. Alipiga kwa nguvu, ukarudi. Alipiga pembeni, ukarudi, juu, polepole, unachelewa kuanguka makusudi. Waithaka akaacha kutafuna. Seti hiyo Nangila akaichukua. Kwenye mchujo hakuna seti ya tatu nzima. Mnacheza hadi pointi kumi, na lazima umpite mwenzako kwa mbili.

Wakaenda bega kwa bega, na bega la Nangila halikuwa la kwenda hivyo. Mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi kwenye vidole. Alihamia kuushika mpini kwa mikono yote miwili hata kwa mipira isiyohitaji. Akafika tisa, Wacuka nane. Akichukua hii moja, amebaki.

Wacuka ndiye aliyekuwa akianzisha. Mpira wa kwanza akaupiga nje, ni kosa. Anabaki na mmoja. Huo nao ukiwa nje, mechi imekwisha na Nangila ameshinda bila hata kuinua mkono.

Msichana akaupiga kwa woga. Mpira ukagusa juu ya wavu, ukaruka, ukasita kama kuku kwenye mlango, ukaangukia upande wa Nangila karibu na mstari. Juu ya mstari? Nyuma ya mstari? Nimemuuliza mara nyingi. Anasema jasho lilikuwa machoni. Anasema uliangukia mahali fulani.

Ilikuwa haki yake kusema, na hakuna mwingine ambaye angesema. Kidole kimoja juu, neno moja, anarudi Kitale akiwa ameandikwa. Na kabla macho hayajakata shauri, kabla kichwa hakijauliza chochote, raketi ilikuwa imeshabanwa kwapani, mpira umeshikwa kwa mikono miwili, na umerushwa polepole kurudi kwa mwenyewe.

Ukiurudisha hivyo umesema ulikuwa mzuri. Umesema let.

Wacuka akaudaka, akamtazama. Akasubiri. Nangila naye amesimama, mikono bado iko mbele, mitupu. Anasema hapo ndipo alipojisikia amefanya nini, na akafungua mdomo, na akaona kwamba hajui aseme nini, kwa kuwa hakuuona. Mtu husema auti kwa mpira aliouona. Akafunga mdomo, akashika raketi.

"Let," Wacuka akasema kwa sauti ndogo. Akaanzisha tena, safari hii ndani. Akashinda pointi hiyo. Akashinda na iliyofuata. Kisha zamu ya kuanzisha ikawa ya Nangila, mkono ukapita nusu ya njia, mpira ukaenda taratibu, wakarushiana muda mrefu sana, muda ambao Waithaka alikuwa ameshika waya kwa vidole vyote, na mwisho kabisa mpira wa Nangila ukagonga wavu ukaanguka miguuni pake mwenyewe. Huo hauna wa kumpelekea.

Walipokutana kupeana mikono msichana hakumwachia.

"Auntie, si ile ilikuwa auti?"

"Ilikuwa auti?"

"Kidogo. Kama hivi." Akaonyesha upana wa kidole. "Hata daddy ameona."

"Basi mimi sikuona."

"Sasa mbona hukusema hata kama hujui? Wote wanasema."

Nangila akamtazama. "Nilisikia umesema lete," akasema.

Wacuka hakuelewa. Akacheka tu kwa adabu, halafu akaanza kulia kwa furaha, akamkimbilia baba yake.

Watu wengine wakisimuliwa hapa hupenda kusema, aa, huyo ni mwaminifu, Mungu atamlipa. Nangila hukataa. Anasema uaminifu ni wa mtu aliyeona akachagua, yeye hakuchagua, mkono ulikwenda wenyewe. Anasema kama angepata nusu dakika ya kufikiri, hajui angefanya nini, na hataki kumwongopea mtu.

Alipitia Kitale kwanza, kwa Kiplagat. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka kama alivyocheka siku ile ya fagio, akacheka hadi kikohozi kikamshika, na kilipomwachia hakuwa akicheka tena.

"Ni mimi," akasema. "Ningekukalisha siku ile nikuambie, let si lete, hicho ni Kiingereza, usiokote mpira wa watu."

"Ungeniambia hivyo ningeenda nyumbani, mzee. Nisingerudi."

Kiplagat akaupapasa mpini wa raketi aliyokuwa ameishika. "Basi tuliache," akasema.

Jumatatu ilimkuta Kanduyi, kwa mama yake. Wilkista aliacha kufua zamani, akarudi kwao, na Agosti ni mwezi wa mahindi. Turubai lilikuwa limetandikwa mbele ya nyumba, mahindi makavu yamerundikwa, naye amekaa juu ya kigoda anapukuchua, magunzi anayatupa nyuma bila kutazama. Barabarani zilisikika kengele za vijana wa tohara wakizunguka kualika jamaa.

Nangila alikuwa amesimama mlangoni na simu. Orodha mpya ilikuwa imeshatoka. Aliandika jina lake, akasubiri, mtandao ukazunguka zunguka. Akaandika tena, labda amekosea herufi. Akashuka mpaka chini kabisa, kwa wale wa mwisho wa mwisho, akasoma majina ya wasichana aliowajua, mmoja aliwahi kumkopesha soksi Tunisia.

"Riko?" Wilkista akauliza.

"Haliko."

"Umeangaria vizuri?"

"Nimeangalia, mama."

Wilkista akapukuchua gunzi moja mpaka likaisha. "Na sasa uko namba ngapi?"

"Sina namba."

"Hata ya mwisho?"

"Hata ya mwisho. Niko tu kwa watu wengine wote."

Simu ikaita mkononi. Ilikuwa Madam Lorna. Hakusalimia sana. "Jumatatu ndiyo hii."

"Ndiyo, Madam."

"Bega limejibu?"

"Limejibu. Nitakuja. Lakini zile nguo ziondolewe uwanjani kabla sijafika."

"Na wasichana niwaambie wewe ni nani? Wanapenda kujua. Niseme namba ngapi?"

Nangila akatazama turubai, akatazama zile njia nyembamba za udongo zilizobaki kando yake. "Waambie ni Lete," akasema. "Watauliza maana yake. Nitawaeleza."

Akaiweka simu dirishani. Wilkista alikuwa amesikia yote, ila hakuonyesha uso wa furaha wala wa huruma. Alijua kutazama uchovu wa mtu bila kuugusa. Akasogeza rundo kidogo kwa mguu, pakawa na nafasi.

"Kwa hivyo umeshuka kwetu," akasema.

"Nimeshuka, mama."

"Basi umefika. Karibu. Kigoda kiko hapo nyuma ya mrango. Tumia mkono wa kushoto, huo mwingine uache upumzike."

Nangila akakileta.